Trauti wa Ziwa na Uvuvi Juu ya Barafu

Mwezi wa Januari, wakati wakulima wa Mbeya wanapopalilia mahindi yao mvuani, wavuvi wa Ziwa Simcoe katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, huwa wanatembea kwa miguu juu ya ziwa lao. Hawana haja ya mtumbwi wala kasia. Kila mmoja hukokota sleji, yaani kigari kisicho na magurudumu ambacho huteleza juu ya theluji, na ndani yake amepakia kekee kubwa ya kutobolea barafu, mishipi, ndoana, chubwi na chupa ya chai ya moto. Akifika mahali alipopachagua hutoboa shimo lenye upana wa shibiri moja hivi, huketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, na kuteremsha mshipi wake gizani.

Pengine hungoja saa moja, pengine siku nzima. Samaki anapotoka, mvuvi mzoefu hatazami kwanza ukubwa wake. Humgeuza huku na huku akachunguza mapezi yake, kama kuna lililokatwa. Sababu ya uchunguzi huo ni jambo kubwa katika historia ya ziwa hilo, lakini haiwezi kufahamika vema kabla ya kujua kwanza tabia ya maji, tabia ya barafu, na tabia ya samaki mwenyewe.

MAJI YASIYOFUATA DESTURI

Karibu kila kimiminika hunywea kinapopoa, na hunywea zaidi kinapoganda. Kwa hiyo sehemu iliyoganda huwa nzito kuliko kimiminika chake, nayo huzama. Maji hayafuati desturi hiyo. Yakipozwa kutoka nyuzi 20 za Sentigredi, hunywea kidogo kidogo mpaka yafikie nyuzi 4. Yakipozwa zaidi ya hapo huanza kutanuka. Yafikapo nyuzi 0 na kuganda, molekuli zake hujipanga katika safu zenye nafasi wazi katikati, mithili ya masega ya nyuki, na mango linalopatikana huwa jepesi kuliko maji yaliyolizaa. Meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Ya barafu ina kilo 917 tu. Ndiyo maana barafu huelea.

Matokeo ya sifa hiyo ni makubwa. Majira ya kupukutika majani yanapoingia kaskazini, hewa baridi hupoza maji ya juu ya ziwa. Maji hayo huwa mazito, huzama, na maji yenye joto zaidi kidogo hupanda kushika nafasi yake. Mzunguko huu, ukisaidiwa na upepo, huchanganya ziwa zima toka juu hadi chini na kupeleka oksijeni kwenye vina vyote. Mara ziwa zima likifikia nyuzi 4 mambo hugeuka. Maji yapoayo zaidi sasa ni mepesi, hivyo hubaki juu, na siku ya shwari yenye baridi kali huganda. Chini ya barafu maji hubaki katika hali ya kimiminika, yakiwa na joto la nyuzi 0 hivi yanapogusana na barafu, na kuongezeka kuelekea nyuzi 4 kadiri mtu anavyoshuka.

Kama maji yangefuata desturi ya vimiminika vingine, barafu ingezama, na ziwa lingeganda kuanzia sakafuni. Samaki wasingekuwa na pa kukimbilia. Kwa hakika, uhai wote wa maziwa ya kaskazini unaning'inia kwenye tofauti hiyo ndogo ya uzito.

UNENE ULIO SALAMA

Swali la kwanza la mvuvi halihusu samaki. Linahusu barafu: je, itamchukua? Mwanafizikia Josef Stefan alionyesha mwaka 1891 kwamba unene wa barafu hauongezeki sawasawa na muda. Kila tabaka jipya huganda upande wa chini, na joto linalotolewa na maji yanayoganda lazima lipite katika barafu yote iliyotangulia ndipo lifike hewani. Barafu ikinenepa, njia ya joto huwa ndefu zaidi. Kwa hiyo, baridi ikiwa ile ile, muda unaotakiwa kufikia unene wa sentimeta 10 si mara mbili ya ule wa sentimeta 5, bali mara nne. Theluji ikianguka juu yake kazi huzidi kuwa ya polepole, kwa maana theluji imejaa hewa na huzuia joto kama blanketi.

Uwezo wa barafu kubeba mzigo nao hufuata hesabu ya namna hiyo. Mwaka 1971 mtaalamu wa Kanada, Lorne Gold, alichapisha kanuni ambayo bado inatumika: chukua unene kwa sentimeta, uzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa 3.5, jibu ni kilo zinazoweza kubebwa kwa usalama. Barafu safi ya sentimeta 10 hubeba kilo 350. Ya sentimeta 20 hubeba kilo 1,400. Lakini ya sentimeta 5 hubeba kilo 87 tu, nao ni uzito wa mtu mmoja pamoja na vifaa vyake, bila akiba yoyote. Kwa sababu hiyo wavuvi hufundishwa kwamba asikanyage mtu barafu iliyo chini ya sentimeta 10.

Barafu haifanyi kazi kama daraja lililoegemezwa juu ya nguzo. Ni kama jamvi pana lililotandikwa juu ya maji: mzigo ukiwekwa, jamvi hubonyea kidogo sana, na maji yaliyosukumwa husukuma juu kwa kani ile ile. Kanuni ya Gold ni ya barafu safi yenye rangi ya samawati au nyeusi. Barafu nyeupe, ambayo ni theluji iliyolowa ikaganda, imejaa mapovu, na wataalamu huihesabu kuwa na nguvu nusu tu. Aidha, mahali penye mkondo, chemchemi au mlango wa mto panaweza kuwa na barafu nyembamba hatua chache tu kutoka penye barafu nene. Ndiyo maana mvuvi mwenye busara hutembea na mtaimbo, akigonga mbele yake hatua kwa hatua.

SAMAKI WA MAJI BARIDI

Trauti wa ziwa ni wa jamii moja na samoni. Jina lake la kitaalamu, *Salvelinus namaycush*, lilitolewa mwaka 1792, na neno lake la pili limetokana na lugha za wenyeji wa Kanada, Wakri na Waanishinaabe, ambao walimvua karne nyingi kabla ya wageni kufika. Asitatanishwe na trauti waliopandikizwa katika mito ya milima ya Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Hao ni aina nyingine, ingawa ni ndugu zake.

Mwili wake ni wa kijivu au kijani kibichi kilichoiva, umetapakaa madoa meupe, na mkia wake umegawanyika kama panda. Hupenda maji ya nyuzi 10 hivi na yenye oksijeni nyingi. Wakati wa kiangazi hukimbia joto la juu na kujificha vilindini. Wakati wa baridi ziwa zima ni baridi, kwa hiyo hana tena sababu ya kujifungia chini. Hutembea kote, vilindini na kwenye maji ya kina kifupi, akiwinda samaki wadogo. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya uvuvi wa barafuni: majira ambayo binadamu hutetemeka ndiyo ambayo trauti huwa huru.

Samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata joto la maji. Katika maji ya nyuzi 2 au 3 moyo wa samaki wengi hupiga polepole, na wengine hulala kabisa. Trauti wa ziwa huendelea kula, ila hapotezi nguvu bure. Mvuvi huliiga jambo hilo. Huteremsha kipande cha madini king'aacho chenye umbo la kisamaki, hukinyanyua kidogo, hukiacha kianguke, kisha hutulia. Akikichezesha kwa pupa, trauti humwacha apite.

UJUZI WA ZAMANI NA WA SASA

Wenyeji wa kaskazini walikuwa na mbinu zao. Waanishinaabe walijenga kibanda kidogo kisichopenyeza mwanga juu ya shimo. Ndani ya giza hilo, maji ya chini huonekana yakiwa na nuru inayopita katika barafu ya nje, na mvuvi huona wazi ilhali yeye haonekani. Alining'iniza kisamaki cha mti kilichochongwa kwa ustadi, na trauti alipokaribia kukitazama, alimchoma kwa chusa. Wavuvi wengine hutega jarife chini ya barafu. Hutoboa mashimo mawili yaliyo mbali, husukuma kamba kutoka shimo moja hadi la pili kwa ubao unaoelea ukigusa barafu upande wa chini, kisha huitumia kamba hiyo kuvuta wavu.

Siku hizi kekee nyingi huendeshwa kwa injini au betri, na wengi wana chombo kinachopima kina na kuonyesha samaki kwa kutumia mwangwi. Lakini kazi nyingine ni zile zile: upawa wenye matundu wa kuchotea vipande vya barafu ili shimo lisizibe, na bendera ndogo iliyotegwa ifyatuke pindi samaki avutapo mshipi.

Ipo dalili moja ambayo wavuvi huipenda. Kabla trauti hajafika shimoni, mara nyingi mapovu ya hewa hupanda juu. Chanzo chake ni kibofu cha hewa kimsaidiacho samaki kuelea. Kila meta 10 za maji huongeza kanieneo kwa kiasi cha kanieneo moja ya hewa, hivyo kwenye kina cha meta 30 kanieneo ni mara nne ya ile ya juu. Samaki akivutwa kutoka huko, hewa ya kibofuni hutaka kutanuka mara nne. Kibofu cha trauti kina mfereji unaokiunganisha na koo, naye huitapika hewa hiyo njiani. Sangara wa Ziwa Viktoria hana mfereji wa namna hiyo. Akivutwa upesi toka vilindini, kibofu hutanuka na kusukuma tumbo lake nje kupitia mdomoni.

MTI UKUAO POLEPOLE

Trauti wa ziwa hukua polepole mno. Katika maziwa ya kaskazini kabisa huweza kupita miaka 10 na zaidi kabla hajataga kwa mara ya kwanza, na wapo waliofikia umri wa zaidi ya miaka 50. Umri wao husomwa katika vijiwe vidogo vilivyo sikioni, ambavyo huongeza pete kila mwaka kama shina la mti. Trauti mkubwa kuliko wote anayetambuliwa kuvuliwa kwa ndoana alitoka Ziwa Great Bear mwaka 1995, akiwa na uzito wa kilo 32 na zaidi.

Hutaga majira ya kupukutika majani, usiku, juu ya miamba na changarawe. Hachimbi kiota. Mayai huanguka katika nyufa za mawe na kukaa humo wakati wote wa baridi, chini ya barafu, mpaka yaanguliwe majira ya kuchipua. Kwa hiyo wakati mvuvi ameketi juu ya ndoo yake, kizazi kijacho kimo chini ya miguu yake mawéni.

Kiumbe wa namna hii hustahimili baridi, njaa na giza, lakini hastahimili uvuvi wa kupita kiasi. Dagaa wakivuliwa sana leo, waliobaki huweza kujaza pengo baada ya miaka michache. Trauti mwenye umri wa miaka 20 akitolewa, pengo lake hujazwa baada ya miaka 20. Ndiyo maana serikali ya Ontario huweka mpaka wa idadi ya trauti ambao mtu aruhusiwa kuchukua, na kufunga uvuvi wao wakati wa kutaga.

ZIWA LILILOPUNGUKIWA PUMZI

Hata hivyo, ndoana siyo iliyowaumiza zaidi trauti wa Simcoe. Ziwa hilo lina eneo la kilometa za mraba 722, na kina chake kikubwa ni meta 41 hivi. Liko kaskazini ya Toronto, katikati ya mashamba na miji inayokua. Kwa miaka mingi fosforasi kutoka mashambani na katika maji machafu ya mijini ilitiririka ziwani. Fosforasi ni mbolea, nayo haichagui kati ya mahindi na mwani. Mwani ulistawi juu ya ziwa, ukafa, ukazama, na bakteria walipouozesha wakatumia oksijeni ya vilindini.

Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Wakati wa kiangazi maji ya juu ni ya joto na mepesi, nayo hukaa juu ya maji baridi kama mafuta juu ya siki. Tabaka mbili hizo hazichanganyiki mpaka baridi irudi. Oksijeni iliyo chini haiongezwi, hutumika tu. Trauti, na hasa watoto wake, walibanwa kati ya maji ya juu yasiyofaa kwa joto na maji ya chini yasiyofaa kwa kukosa oksijeni. Wakubwa waliweza kuvumilia. Wadogo hawakuweza, na kizazi kilikoma.

Tangu miaka ya 1960 ziwa hilo limekuwa likipandikizwa trauti waliolelewa katika vituo vya serikali. Kabla hawajaachiliwa, hukatwa sehemu ya pezi iwe alama. Sasa msomaji ameelewa kwa nini mvuvi humgeuza samaki wake. Pezi lililokatwa lasema: huyu aliletwa. Mapezi yote yakiwa kamili, huenda samaki huyo amezaliwa ziwani humo humo, kwenye mawe yale yale waliyotumia mababu zake.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 samaki wenye mapezi kamili walianza kuonekana tena. Mwaka 2008 Ontario ilitunga sheria ya kulilinda ziwa hilo, na mpango uliofuata mwaka 2009 uliweka shabaha mbili: fosforasi inayoingia ipunguzwe hadi tani 44 kwa mwaka, na oksijeni ya vilindini isipungue miligramu 7 katika kila lita. Shabaha hizo zilikisiwa kwa kipimo cha trauti. Samaki mmoja akafanywa kuwa mizani ya ziwa zima.

BARAFU INAYOPUNGUA

Juu ya hayo limekuja jambo jingine. Huko Japani, makuhani wa Ziwa Suwa wameandika tarehe za kuganda kwa ziwa lao tangu mwaka 1443, na kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba miaka ambayo ziwa haligandi imezidi kuwa mingi. Katika Februari 2024 barafu ilifunika chini ya asilimia 5 ya Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, wakati ambao kwa kawaida hukaribia upeo wake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ukihusu nchi 10 ulionyesha kwamba watu wanaozama majini wakati wa baridi huongezeka pale joto la hewa linapokaribia nyuzi 0, kwa kuwa barafu bado ipo lakini si ya kutumainiwa.

Hasara haikomei kwa mvuvi. Baridi ikiwa fupi, kiangazi cha ziwa huwa kirefu. Tabaka la joto hukaa juu kwa siku nyingi zaidi, na vilindi hukaa bila kuongezewa oksijeni kwa siku hizo hizo. Hivyo kazi iliyofanywa kwa kupunguza fosforasi yaweza kuliwa na joto, na ziwa likalazimika kukimbia ili libaki pale pale.

Msomaji wa Kigoma asidhani kuwa habari hii ni ya mbali. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha meta 1,470, halipoi kamwe kiasi cha kuchanganyika lote. Oksijeni yake huishia katika meta 200 za juu au pungufu, na virutubisho vingi vimefungiwa chini. Upepo ndio unaovipandisha kidogo kidogo kulisha mwani, na mwani hatimaye huwalisha dagaa na migebuka. Mwaka 2003 wanasayansi walieleza kwamba kadiri maji ya juu yanavyozidi kupata joto, uchanganyikaji huo unapungua, na rutuba ya ziwa nayo inapungua. Simcoe huumia kwa kuwa na rutuba nyingi mno. Tanganyika kwa kuikosa. Sheria ya fizikia inayotawala ni moja: maji mepesi hukaa juu ya maji mazito, na joto huzidisha tofauti.

JARIBIO LA DARASANI

Mwaka 1805 Thomas Charles Hope wa Edinburgh alithibitisha tabia ya maji kwa kifaa ambacho shule yoyote yenye barafu ya friji yaweza kukitengeneza. Chukua kopo refu, toboa tundu moja karibu na ukingo wa juu na jingine karibu na kitako. Pitisha kipimajoto katika kila tundu na uyazibe kwa nta. Jaza maji ya kawaida. Zungushia katikati ya kopo mchanganyiko wa barafu iliyopondwa na chumvi, ukiufunga kwa kitambaa kizito. Andika joto la vipimajoto vyote viwili kila baada ya dakika mbili, kisha chora grafu.

Kipimajoto cha chini kitashuka kwanza, nacho kitasimama kwenye nyuzi 4 hivi. Baada ya hapo cha juu ndicho kitakachoanza kushuka kwa kasi, na chaweza kufika nyuzi 0 wakati cha chini bado hakijaondoka pale kiliposimama. Wanafunzi waulizwe: katika kopo hilo, trauti angekaa wapi?